Pacifica, Classic Vibe au Les Paul ya Epiphone? Gitaa la umeme la bei ya kati kwa mpigaji wa Moshi na Arusha

Jumamosi moja baada ya mazoezi, kijana anayepiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu hapa Moshi alinisogezea simu yake. Picha tatu, magitaa matatu: Yamaha Pacifica 112V, Squier Classic Vibe Stratocaster na Epiphone Les Paul Standard. "Kaka, nichukue lipi? Hela yenyewe ndiyo hii, nikikosea sina nyingine." Alikuwa ameikusanya kwenye harusi na sherehe za kipaimara za mwisho wa mwaka, zile wiki ambazo Wachagga wamerudi nyumbani na mpiga gitaa anaweza kuwa Kibosho Ijumaa, Marangu Jumamosi na ibadani Jumapili asubuhi, macho mekundu.

Nilimjibu kwa maneno mawili: chukua Pacifica. Aliponiuliza kwa nini, tukakaa kwenye ngazi za kanisa mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Nieleweke ninamzungumzia nani. Si anayeanza. Anayeanza achukue gitaa lolote lisilomkata vidole. Huyu ni mtu aliyekwisha kupiga miaka mitatu, minne, anabana kodi za kidole kizima (noti kadhaa kwa pamoja, kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi) bila kufikiria, anatyuni kwa sikio, na gitaa lake la bei rahisi limeshaanza kumwaibisha mbele za watu. Kwa upande mwingine, si mtu wa kununua gitaa la milioni sita. Haya matatu yamekaa katikati. Madukani Marekani, Pacifica 112V imekuwa ikizunguka kwenye dola 300 na kitu, Classic Vibe 400 na zaidi, na Les Paul Standard ya Epiphone 600 na zaidi. Likifika kwetu huongezeka usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 juu yake, kwa hiyo usishtuke muuzaji wa Kariakoo akikutajia bei isiyofanana na ya kwenye intaneti.

Tuanze na umeme

Ulinganisho mwingi huanza na mbao au rangi. Mimi naanza na soketi ya ukutani, kwa sababu ndiyo inayotutesa.

Ndani ya gitaa la umeme kuna pikapu, na simaanishi ile ya kubebea ndizi kutoka Kiboriloni. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, waya ule unatoa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Tatizo ni kwamba waya haujui kuchagua. Umeme wetu wa TANESCO hubadilika mwelekeo mara 100 kila sekunde, na chochote kinachoutumia kwa karibu, iwe transfoma ya amplifaya, taa za tyubu au mashine ya taa za ukumbini, kinatupa mawimbi hewani. Pikapu inayanasa. Ndipo unaposikia ule mvumo, mmmmm, mchungaji akishasema tufumbe macho tuombe.

Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson aitwaye Seth Lover alitafuta njia ya kuunyamazisha. Aliweka koili mbili zilizopingana, zenye sumaku zilizogeuziana, hivi kwamba kelele ya hewani inajifuta yenyewe huku sauti ya uzi ikijumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka.

Sasa yaweke magitaa yetu sambamba. Classic Vibe ina pikapu tatu, zote za koili moja: ni tamu, na inavuma. Epiphone ina hambaka mbili: kimya, nzito, na yenye nguvu. Pacifica 112V ina hambaka moja upande wa daraja, kule nyuzi zinakoishia mwilini mwa gitaa, kisha mbili za koili moja katikati na shingoni. Tena kitufe chake cha toni ukikivuta juu, hambaka inazima koili moja na kuanza kuiga sauti nyembamba ya Stratocaster.

Kwa mtu anayepiga kwenye studio yenye umeme safi, tofauti hii ni ndogo. Kwa mtu anayepiga leo ukumbini, kesho chini ya turubai na jenereta linanguruma nyuma ya jiko, ni kubwa. Nimeshapiga harusi huko juu mlimani na gitaa la koili tatu, jenereta likiwa mita chache kutoka kwangu, na mama mmoja wa kamati akaja kuniuliza kama spika imeungua.

Utasikia mafundi wakisema ukibandika karatasi ya shaba ndani ya gitaa mvumo unakwisha. Inasaidia kwa ule mlio mkali wa kukwaruza, zzzz, lakini mvumo mzito wa sumaku unapenya karatasi hiyo kama haipo. Na kama mlio unapungua ukishika nyuzi, usifurahie kwamba mikono yako ina upako. Mwili wako unanasa kelele za hewani, na ukigusa nyuzi unaungana na waya wa ardhi wa gitaa. Hakikisha basi kwamba soketi nayo ina waya wa ardhi wa kweli. Ikiwa haina, au mtu amekata pini ya tatu kwenye ekstensheni ili iingie, unaweza kushika nyuzi, ukasogeza mdomo kwenye maikrofoni, na ukapigwa shoti ya midomo. Amplifaya yako na miksa vichomekwe kwenye soketi moja. Hilo halina gitaa la bei gani.

Mkono unasemaje

Pacifica na Classic Vibe zina urefu sawa wa uzi unaopigwa, milimita 648 kutoka kichwani hadi kwenye daraja. Epiphone ina kama 628. Sentimita mbili hizo hazionekani kwa macho, ila vidole vinazijua: kwa seti ileile ya nyuzi, tuseme ya unene wa namba kumi, Epiphone ni laini zaidi kuvuta. Mwenye vidole vifupi, au aliyezoea kuvuta nyuzi mpaka zilie, ataipenda papo hapo.

Classic Vibe ina ubao wa shingo uliopinda kidogo kama mgongo wa samaki, wakati wa Pacifica umelala zaidi. Kodi za kidole kizima hukaa vizuri kwenye uliopinda. Lakini ukizishusha nyuzi sana halafu ukavuta uzi wa kwanza kwenye freti za juu (vile vyuma vilivyokatiza shingo), uliopinda unaweza kukufia, sauti inakatika katikati ya sentensi. Kwenye Pacifica nimeshusha nyuzi chini kabisa na haikunifanyia hivyo.

Jambo jingine dogo ambalo dukani hulioni: shingo ya Classic Vibe imepakwa vanishi inayong'aa. Inapendeza kwenye picha. Februari, Moshi, saa nane mchana, ndani ya suti ya kwaya, kiganja kinanata. Wengine huipitishia msasa laini sana mgongoni mwa shingo ili iteleze. Mimi nisingefanya hivyo wiki ya kwanza.

Halafu uzito. Les Paul hukaribia kilo 4 na nyingine huzipita. Ukipiga nyimbo tatu si kitu. Ukipiga mkesha kutoka saa tatu usiku hadi alfajiri, bega litakuambia. Mkanda mpana unasaidia, si sana.

Sauti, na hapa ndipo ninapoyumba

Ningekuwa mnafiki nikisema Pacifica inashinda kila mahali. Kwa sebene haishindi.

Sebene, na muziki wa dansi kwa jumla, unataka sauti safi, kavu kidogo, inayong'aa juu ya ngoma bila kupasuka. Magitaa mawili au matatu yanazungumza kwa wakati mmoja: ridhimu inashikilia, solo ya pili inajibu, solo inapanda. Kila moja isipokuwa na nafasi yake inakuwa uji. Hapo Classic Vibe ipo nyumbani. Weka swichi ya kuchagua pikapu kati ya pikapu ya katikati na ya daraja, punguza toni nukta moja, na unapata ule mlio kama wa maji yanayotiririka juu ya mawe. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 swichi yake ilikuwa na vituo vitatu tu. Wapigaji ndio waliogundua kwamba ukiikwamisha katikati ya vituo inatoa sauti hiyo, na Fender, wenye Stratocaster yao, wakaja kuweka swichi ya vituo vitano mwaka 1977. Kwa maneno mengine, sauti tunayoipenda ilianza kama kosa la kutumia swichi vibaya.

Pacifica ina vituo vitano pia, na inakaribia. Inakaribia sana, mpaka mtu aliyekaa benchi la nne hatambui. Mpigaji anatambua. Sauti ya Classic Vibe ina utamu fulani pale uzi unapoanza kuguswa, Pacifica ina unyoofu zaidi. Halafu Pacifica ina kero yake: ukitoka kwenye hambaka kwenda kwenye koili moja katikati ya wimbo, sauti inashuka. Usipojifunza kucheza na kitufe cha volyumu, fundi mitambo atakuongezea, kisha utarudi kwenye hambaka na kuwazibua watu masikio.

Epiphone? Kwa roki, blues, na zile jioni za hoteli Arusha ambako wageni wanataka kitu cha taratibu wakiwa wanakula, pikapu yake ya shingoni ni asali. Ina unene. Ukiongeza pedali ya kukwaruza, inaimba na kushikilia sauti muda mrefu. Kwenye sebene ya haraka inakuwa nzito, kama mtu anayecheza amevaa gambuti. Tena hambaka zake zina nguvu, na amplifaya ndogo za makanisani huanza kupasuka sauti mapema. Punguza volyumu kwenye gitaa kabla hujamlaumu aliyenunua spika.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa solo ya dansi tu, una bendi, mnapiga mahali palepale penye umeme unaoujua, acha kunisikiliza mimi. Chukua Classic Vibe. Kijana wangu hapigi hivyo. Jumapili anapiga mapambio, Jumamosi harusi yenye kila kitu kuanzia zouk hadi reggae, na kila mwezi anakutana na amplifaya asiyoijua. Anahitaji gitaa la kazi tano, hata kama hakuna kazi moja linayoongoza.

Uzi ukikatika katikati ya ibada

Pacifica na Classic Vibe zina daraja la tremolo, lililoning'inizwa kwa springi mgongoni, lenye mkono wa kutetemeshea sauti. Likiwa limeachwa lielee, nyuzi sita zinavuta upande mmoja na springi upande wa pili. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda juu kwa pamoja. Kwaya iko kwenye G, wewe uko kwenye kitu kisicho na jina.

Epiphone haina shida hiyo. Daraja lake limesimama. Uzi ukikatika unaendelea na tano, unaruka panapokosekana, na bibi aliyekaa mbele hajui.

Dawa kwa yale mawili ni rahisi: fungua kifuniko cha nyuma, kaza springi au ongeza moja mpaka daraja lilalie mwili wa gitaa. Utapoteza kuvuta mkono juu, ambako hapa kwetu sijaona anayekutumia. Magitaa yote ya tremolo yanayopita mikononi mwangu nayafanyia hivyo kabla hata sijayatyuni.

Kipande ambacho nyuzi hupita juu yake zikielekea kichwani, kwenye Classic Vibe ni mfupa. Kwenye Pacifica 112V ni plastiki. Mfupa hudumu zaidi na uzi haukwami sana. Ukiona Pacifica inapoteza tyuni uzi wa tatu, paka unga wa penseli kwenye mfereji wake kabla ya kutafuta mchawi.

Udhaifu wa Epiphone uko kwenye shingo. Kichwa chake kimeinama nyuma kwa digrii kama 14, na pale kinapoungana na shingo mbao ni nyembamba. Likianguka kifudifudi au chali, ndipo panapovunjika. Najua kwa sababu nililivunja la kwangu, la umbo hilohilo ila la kampuni nyingine. Nililiegemeza ukutani chumba cha kwaya, mtoto akapita na rundo la viti vya plastiki, likaenda chini mara moja tu. Gundi nzuri ya mbao ililirudisha, na linapiga mpaka leo, ila lina kovu kooni. Ukichukua Les Paul, nunua na kasha gumu siku hiyohiyo, hasa kama usafiri wako ni bodaboda. Pacifica na Classic Vibe vichwa vyao vimenyooka, na shingo zimefungwa kwa skrubu nne. Zikiharibika unafungua, unabadilisha.

Mbao nazo ziseme neno. Utaona ubao wa shingo wa Epiphone, na wa Classic Vibe ya mtindo wa miaka ya 60, umeandikwa lorel ya India badala ya ule mti mwekundu wa zamani, rosewood. Sehemu ya sababu ni kwamba mwanzoni mwa 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES, wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliweka jamii yote ya miti ya Dalbergia chini ya vibali, na viwanda vikakimbilia mbao nyingine. Ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa mwishoni mwa 2019. Mpingo wetu ni Dalbergia pia, ndugu wa damu wa mti ule. Unakwenda nje kutengeneza klarineti, halafu sisi tunaagiza gitaa lenye ubao uliopauka kidogo. Lorel haina kosa, ila hukauka. Ipake mafuta ya limao ya mbao mara mbili kwa mwaka.

Masika yakiingia Machi mpaka Mei, shingo ya gitaa lolote kati ya haya itasogea. Zote tatu zina chuma ndani ya shingo, na unakikazia kichwani. Robo mzunguko, subiri kesho, tazama tena. Anayekaza mzunguko mzima kwa hasira hununua shingo nyingine.

Jipya, au la mgeni anayeondoka

Arusha ina bahati moja ambayo watu wa mikoa mingine hawana. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale, mahakama ya kimbari ya Rwanda ilikaa pale kuanzia katikati ya miaka ya 90 hadi 2015, na mashirika na kampuni za utalii hayaishi kuleta wageni wenye mikataba ya miaka miwili. Mkataba ukiisha, friji, baiskeli na gitaa vinauzwa kwa wiki moja. Moshi tunapata kidogo kupitia wanaojitolea. Hapo bei ya kati inaweza kukununulia kitu cha daraja la juu zaidi. Ukikutana na Pacifica 612, ile yenye pikapu za Seymour Duncan na vikazio vya nyuzi vya Grover vinavyojifunga, kwa bei ya 112 mpya, usiombe punguzo. Lipa.

Ila usikutane na gitaa lililoandikwa Gibson Les Paul kwa laki sita ukadhani Mungu amekukumbuka. La kweli, Standard mpya, linapita dola 2,000. Hilo la laki sita ni la kughushi, na Epiphone ya kweli italiacha mbali.

Ukienda kulitazama, nenda na kebo yako. Piga kila uzi kwenye kila freti, taratibu, ukisikiliza panapokufa. Linganisha mlio wa kengele wa freti ya 12 (ukigusa uzi bila kuubana) na noti ya kubana hapohapo. Zisipolingana na viti vya daraja, vile vipande vinavyobeba nyuzi, vimeshafika mwisho, ondoka. Tikisa jeki likiwa limechomekwa. Na tazama nyuzi zilizomo. Nimeona magitaa mengi ya umeme yamefungwa nyuzi za shaba za gitaa la boksi, kwa kuwa ndizo zilizopatikana. Shaba haishikwi na sumaku, hivyo nyuzi nene zinasikika dhaifu na zile mbili nyembamba zinapiga kelele. Muuzaji anadhani pikapu imekufa na kukushushia bei. Usimsahihishe mpaka umeshalipa.

Kijana wangu aliishia kupanda basi kwenda Arusha, Njiro, kuona Pacifica 112V ya bluu ya mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Skrubu mbili za daraja zilikuwa na kutu na kitufe cha toni hakivutiki. Akapunguziwa elfu hamsini. Kitufe kilikuwa kimekwama tu kwa vumbi. Kilifunguka nilipokipulizia spirei ya kusafishia nyaya. Kwa ile hamsini alinunua seti mbili za nyuzi na mkanda, na chenji ikamtosha nauli ya kurudi.